Mjadala: Pikapu yako na gari la NASCAR vinahusiana wapi?

Mbeba Mzigo (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam. Naomba hili tulijadili bila kurushiana matusi, maana najua humu kuna watu waliolishwa Ford tangu siku waliyotua uwanja wa ndege.

Naishi Concord, North Carolina, dakika chache kutoka uwanja wa mbio wa Charlotte. Jirani yangu ni mzee mmoja wa Kizungu, mstaafu, mtu mwema kabisa, ana Chevrolet Silverado. Mimi nina Toyota Tundra niliyoinunua kwa mtu, nabebea mashine za kukatia majani. Kila tukikutana kwenye uzio ananitania: lini utanunua gari la Kimarekani? Jumamosi iliyopita nikamwambia, mzee, twende tukasome namba za chesisi. Yangu, pale pembeni ya kioo cha mbele upande wa dereva, inaanza na 5. Hiyo ni Marekani. Imeundwa San Antonio, Texas. Yake inaanza na 3. Akavaa miwani, akainama tena kana kwamba tarakimu itajibadilisha. 3 ni Mexico. Imetoka kiwanda cha Silao. Akacheka, ila si kicheko cha kawaida yake. Halafu akasema neno ambalo ndilo limenileta hapa: sawa, lakini Chevrolet walikuwa Daytona tangu enzi za baba yangu.

Yaani hoja yake ya mwisho haikuwa injini, bei wala kiwanda. Ilikuwa mbio za NASCAR, ligi ya magari ya Marekani inayokimbia Daytona na hapa Charlotte.

Sasa swali kwenu: watengenezaji wa magari waendelee kumwaga hela NASCAR, au watoke? Na sisi wenye pikapu tunapata nini humo?

Msimamo wangu nautoa mapema. Zile mbio hazina tena undugu na gari unalonunua, na haziuzi pikapu. Kilichobaki ni ada ya kukubalika mtaani.

Tuanze na undugu. Jina lenyewe la mchezo huu maana yake ni gari kama lilivyotoka dukani. Katika mbio za kwanza za daraja la juu, Juni 19, 1949, hapa hapa Charlotte, Glenn Dunaway alitangulia wote na Ford ya 1947. Wakaguzi wakaingia uvunguni, wakakuta springi za nyuma zimekazwa, kama walivyofanya wasafirisha gongo wa milima ya huku ili gari lisilalie matako likiwa na mzigo. Akanyang'anywa ushindi, akapewa Jim Roper na Lincoln yake. Kwa maneno mengine, jamaa alinyimwa zawadi kwa sababu gari lake lilikuwa na springi za pikapu.

Leo mkaguzi akitafuta kitu kilichotoka dukani ataondoka mikono mitupu. Tangu 2022 timu zote za daraja la juu zinanunua chesisi kwa muundaji mmoja, na vifaa vingi vinatoka kwa wauzaji wale wale. Niliwahi kuisogelea Camry moja ya mbio kwenye maonyesho, nikapitisha kidole kwenye taa ya mbele. Stika. Laini kama jalada la daftari. Milango haifunguki, dereva anaingilia dirishani kama mwizi wa sukari. Ndani kuna V8 inayosukuma magurudumu ya nyuma, wakati Camry mpya ya dukani ina silinda nne na betri. Camaro ya Chevrolet waliacha kuiunda baada ya toleo la 2024, na jina lake bado likaendelea kukimbizwa kila wiki.

Na msidhani pikapu zimesalimika. Zina ligi yake tangu 1995, na tangu 2018 timu nyingi humo zinafunga injini moja ya kampuni ya Ilmor, iwe bodi imeandikwa Ford, Chevrolet au Toyota. Wenye pikapu tunazozana juu ya nani ana injini bora huku wale tunaowashangilia wameazima moyo mmoja!

Kuhusu mauzo, wauza magari wa huku wana usemi wao wa zamani: shinda Jumapili, uza Jumatatu. Haya. Dereva wa Ford, Greg Biffle, alitwaa ubingwa wa ligi ya pikapu mwaka 2000. Wa Ford aliyefuata kuutwaa ni Matt Crafton, 2019. Misimu 18 katikati yake waligawana Chevrolet, Dodge na Toyota. Na katika miaka hiyo yote 18, pikapu iliyoongoza kwa mauzo Marekani ilikuwa ipi? Ford ya F, yaani F-150 na ndugu zake. Haijang'oka kileleni tangu 1977. Toyota wao wameingiza Tundra kwenye ligi hiyo tangu 2004, mabingwa wanao wa kutosha, na mwaka 2024 waliuza Tundra karibu 160,000. Ford za F mwaka huo zilipita 700,000.

Anayeweza kunieleza hapo Jumatatu iko wapi, karibu.

Fundi Springi

Kaka Mbeba Mzigo, umechagua takwimu kama mtu anayechagua nyanya sokoni, zile laini umewaachia wenzako. Mbona hukusema Ford walichukua ubingwa wa daraja la juu mara tatu mfululizo, Joey Logano 2022, Ryan Blaney 2023, Logano tena 2024?

Halafu unapima kitu kwa mizani isiyo yake. Mimi ni fundi, nipo Mooresville, nusu ya wateja wangu wanafanya kazi kwenye timu. Kampuni haipeleki watu kwenye mbio ili taa ya Camry ifanane na taa ya Camry. Inawapeleka wakajifunze kufanya kazi wakiwa na saa shingoni. Mhandisi wa kiwandani akikuta tatizo anaandika ripoti, ripoti inapelekwa kikao, kikao kinaahirishwa. Wa mbio akikuta tatizo Jumatatu, Jumapili bendera ya kijani inashuka, awe amelitatua au hajalitatua. Mtu wa namna hiyo ukimrudisha kwenye pikapu anakuja na mikono tofauti.

Na hiyo "haziuzi" unawaambia akina nani? Rick Hendrick ana yadi za magari kila kona na ndiye mwenye timu ya Chevrolet pale Concord kwenu. Roger Penske vivyo hivyo, kampuni ya kuuza magari mkono huu, timu ya Ford mkono ule. Wazee hao wamekuwa kwenye biashara tangu sisi tukiwa tumboni. Kama mbio zingekuwa hasara tupu wangeshazifunga zamani.

Mbeba Mzigo

Fundi, hapo kwa Hendrick na Penske umenigusa, nikubali. Ila angalia: Penske ana timu ya Ford, lakini yadi zake zinauza magari ya chapa nyingi, mpaka ya Wajerumani. Mbio zinamuuza Penske. Hazimuuzi Ford.

Kiti cha Nyuma

Kwetu Dodoma V8 ni cheo, injini inakuja baadaye. Sasa mnaniambia Camry ya mbio ina V8, ya shemeji yangu ina silinda nne. Nimempigia simu kumpa pole.

Dada wa Hesabu

Naona wanaume mmekimbilia uwanjani, hakuna aliyefungua pochi. Kaka Mbeba Mzigo ameanza kwa kuuliza tunapata nini, hoja ikazama kwenye makombe.

Mimi nafanya kazi ya kupanga mikopo ya magari, Texas. Mtu anakaa mbele yangu anataka pikapu ya milango minne, mkopo wa miaka saba, na kazi yake ni ya ofisini. Namuuliza atabeba nini. Ananiambia, huwezi jua. Miaka saba ya riba kwa ajili ya "huwezi jua"! Lakini kusema bei imepandishwa na mbio ni kumwonea mbuzi wakati chui yupo. Chui ni kuku.

Ndiyo, kuku. Miaka ya mwanzo ya 1960 Ufaransa na Ujerumani Magharibi walipandisha ushuru wa kuku wa Kimarekani waliokuwa wanafurika masoko yao. Desemba 1963 Rais Lyndon Johnson akajibu kwa kuweka ushuru wa asilimia 25 kwa malori madogo yanayotoka nje, pikapu zikiwemo. Kuku wameshasahaulika, ushuru uko pale pale. Ndiyo maana Hilux mnazozijua nyumbani, zile za Thailand, hamzioni kwenye yadi za huku: kabla haijauzwa imeshaongezewa robo ya thamani yake. Ndiyo maana pia Toyota wakaenda kujenga San Antonio. Ukiwa na ukuta wa namna hiyo, unauza pikapu kubwa kwa bei unayotaka, mbio au bila mbio. Anayetaka kugombana na mtu kuhusu bei ya Tundra yake, asigombane na Daytona.

Mzee 404

Vijana wangu, hamjambo. Mimi nilikulia Nakuru, sasa niko Atlanta kwa wanangu. Niwape mfano mmoja tu, halafu niwaache.

Peugeot 404 ilishinda Safari Rally mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Tulikuwa tunaketi kando ya barabara tangu alfajiri, na gari likitokea limejaa matope hadi paa, baba ananinong'oneza: hiyo ndiyo ya mwalimu mkuu. Na kweli ndiyo iliyokuwa ya mwalimu mkuu, wameongeza taa na bamba la chuma chini. Baadaye pikapu za 404 zilibeba kabichi na watu kote Rift Valley. Hakuna aliyehitaji tangazo. Barabara ilikuwa yetu, matope yetu, na gari lingeweza kuwa letu.

Mwanangu mmoja alinipeleka kuona haya mazunguko ya Atlanta. Kelele nzuri, nyama nzuri. Sikuona gari hata moja ambalo mwalimu mkuu angeweza kuendesha.

Mkongo wa Greensboro

Bandugu, jambo. Mnasema watengenezaji waingie au watoke, lakini munasahau kuuliza: pesa yao iliingia kwa nani?

Wendell Scott, dereva wa NASCAR, mutu mweusi wa Danville, Virginia, saa moja tu kutoka hapa kwangu. Kiwanda hakikumupa gari. Alinunua magari yaliyotumika, akatengeneza mwenyewe pamoja na wanawe. Tarehe 1 Desemba 1963, Jacksonville, alishinda akiwa na Chevrolet yake, lakini bendera na kombe vikapewa Buck Baker. Masaa yakapita ndipo wakakiri kwamba Scott ndiye mushindi. Kombe lenyewe familia yake ililipata 2021. Yeye alikufa 1990.

Leo Michael Jordan ana timu, magari ni Toyota, na kiwanda kinamusaidia. Kwa mimi hiyo ni sababu ya kusema wabaki. Pesa ya kiwanda ikitoka, wanaobaki ni wenye pesa ya babu.

Mbeba Mzigo

Nimerudi kutoka kazini, mmenichemsha kweli kweli.

Dada wa Hesabu, kwenye kuku nimesalimu amri. Nilidhani bei yangu imekaa kwenye mabango ya Daytona, kumbe imekaa bandarini.

Mzee wangu 404, shikamoo. Wewe umesema kwa maneno machache nilichokuwa nahangaika nacho: "lingeweza kuwa letu". Basi.

Mkongo, hoja yako sina jibu la kuishinda. Ila inanithibitishia kwamba hela ile inanunua nafasi ya kukaa mezani. Jordan anaijua, na Toyota waliijua kabla yake. Walipoingia daraja la juu mwaka 2007 kulikuwa na watu wa huku waliochukia waziwazi, gari la Kijapani katika mchezo wa wajukuu wa wapika gongo. Msimu mzima hawakushinda mbio hata moja. Wangekuwa wanafuata mauzo ya Jumatatu wangefungasha. Wakabaki, Kyle Busch akawapa ushindi wa kwanza Atlanta 2008 na ubingwa 2015, na sasa hakuna anayeshtuka. Ndiyo ada niliyoisema, na wameilipa kwa uvumilivu.

Kwa wanaosema watoke: walishawahi kutoka. Juni 1957 chama cha watengenezaji wa magari kilikubaliana kwamba wanachama waachane na mbio. Mlango wa mbele ukafungwa, vifaa vikapitia wa nyuma, mpaka Ford walipotangaza 1962 kwamba hawafungwi tena na makubaliano hayo. Kwa hiyo nabadilisha kidogo msimamo wangu. Wabaki. Lakini kwenye ligi ya pikapu angalau, kila mmoja alete injini yake, tujue tunachoshangilia. Ram walitangaza mwaka 2025 kwamba watarudi humo 2026, baada ya ndugu zao Dodge kuondoka daraja la juu mwishoni mwa 2012. Hapo ndipo ingekuwa nafasi ya kuwabana.

Fundi Springi

Kila mmoja alete injini yake? Gharama hizo nani atazilipa, kaka? Timu ndogo zitakufa kabla ya Juni. Hiyo Ilmor ililetwa kwa sababu hiyo hiyo.

Mbeba Mzigo

Basi waandike Ilmor kwenye boneti, kwa herufi kubwa kuliko Tundra. Nitaridhika.

Halafu, wiki ya mbio za maili 600 hapa Charlotte, Ijumaa ni zamu ya pikapu. Jirani yangu ameomba tuende na gari langu, anasema lina nafasi ya miguu. Nyuma kuna mkaa na majani niliyosahau kumwaga. Anayekuja alete plagi za masikio, zangu ni jozi mbili tu.