Mtumbwi na mtoto wa miaka 7: Mnazi Bay au Mto Ruvuma?

Habari wakuu, likizo ya Juni nataka nimchukue binti yangu tupige makasia tulale kwenye hema siku mbili hivi, nipo Mtwara mjini, nimewaza mto Ruvuma au Msimbati huko Mnazi Bay, wapi kuna unafuu? Mama yake hajakubali bado 😅

Mzee wa Mikoko: Ruvuma futa kabisa kaka, mamba na viboko wamejaa na hema ukingoni usiku sio mchezo. Nenda Msimbati, ila kule ni hifadhi ya bahari, pitia ofisini kwao kwanza ulipie. Na Juni ni kusi, upepo unavuma toka kusini, kwahiyo ingieni majini alfajiri, saa tano muwe mshatia nanga maana mchana upepo unachafua bahari.

Mama Somoe: Angalia mwezi pia. Bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji yanapanda mita tatu na zaidi, mie tulifunga mtumbwi jioni vizuri tu, usiku tukasikia sufuria zinagongana, kutoka nje maji yapo kwenye hema na kandambili za mwanangu zinaelea zinaenda zake. Panga siku za maji mafu, yaani maji hayapandi sana. Laifujaketi iwe saizi yake, ya mtu mzima inamvuka kichwani.

Muuliza swali: Duh, Ruvuma nimeifuta. Ngalawa je?

Mzee wa Mikoko: Nzuri, haipinduki ovyo. Ila anzeni na ghuba ya Mikindani, kumetulia, alale usiku mmoja umuone.