Waliofanyiwa operesheni ya mtoto wa jicho, au waliouguza mzazi: tupeane uzoefu

Binti Pangani
Habari za leo ndugu zangu. Mama yangu ana miaka 71, yuko Pangani, mimi naishi Tanga mjini. Tangu mwaka jana jicho lake la kulia lina weupe katikati ya mboni, kama tone la maziwa. La kushoto nalo limeanza ukungu. Alipimwa, tukaambiwa ni mtoto wa jicho, dawa yake ni operesheni. Mama hataki. Hagombi wala hanuni, anasema tu, "Niacheni nimalizie siku zangu na macho yangu."

Juzi nilikwenda kumtazama nikamkuta anachambua mchele. Ungo uko mapajani, uso ameuelekeza mlangoni, vidole ndivyo vinavyofanya kazi. Akigusa kitu anakisugua kwanza kwa kidole gumba, ndipo anaamua kama ni punje au jiwe. Mchana wali ulikuwa na mawe, na yeye alijua, maana yeye hakula. Alikaa akitusikiliza tunavyotafuna.

Naomba waliopitia mniambie: mgonjwa anahisi nini kule ndani, akitoka anakatazwa nini, na nyie mliokuwa na wazee waliokataa mlifanyaje. Naomba yaliyowakuta wenyewe, ya kusikia nimeshayasikia mengi.

Dereva Mstaafu
Binti yangu, nisalimie sana mama. Mimi nina miaka 68, macho yote mawili yamefanyiwa. Nimeendesha lori Dar hadi Tunduma miaka 27.

Kwanza kuna kitu kilinidanganya. Nilipofika miaka 63 nikaanza kusoma gazeti bila miwani. Nikamshukuru Mungu, miwani nikampa shemeji. Daktari ndiye aliyenieleza baadaye kwamba lenzi ikianza kuwa nzito katikati, mtu huweza kuona vizuri vya karibu kwa muda, huku vya mbali vinapotea. Nilikuja kushtuka usiku mmoja pale Mikumi. Taa za gari linalokuja zilitawanyika mishale mishale, barabara yote ikawa mwanga mtupu, nikasimamisha gari pembeni mikono ikitetemeka. Huo ndio ulikuwa mwisho wangu wa kuendesha usiku.

Siku ya operesheni walinitia matone mara nyingi mpaka mboni ikafunguka. Halafu sindano ya ganzi pembeni ya jicho. Hiyo niliisikia, nisikudanganye, inauma. Baada ya hapo jicho likawa zito, kama si langu. Nikafunikwa uso kitambaa chenye tundu. Mama asiogope kwamba ataona kisu kikija. Mimi niliona mwanga mweupe na vivuli vinapita, kama mtu aliyefumbua macho ndani ya maji, na maji ya baridi yakinichuruzika hadi sikioni. Daktari alikuwa ananisemesha: "Mzee usitikisike, ukitaka kukohoa niambie kwanza." Kulikuwa na redio mle ndani, nikawa nahesabu nyimbo. Wa sita haujaisha nikaambiwa tayari, nikashuka kitandani kwa miguu yangu.

Kesho yake asubuhi nesi akabandua bandeji. Ukuta mbele yangu ulikuwa wa bluu. Nikamuuliza mke wangu, wamepaka rangi usiku? Akasema ulikuwa hivyo hivyo jana. Mimi jana niliuona wa kijani kilichochakaa. Nikifumba jicho lililofanyiwa na kutazama kwa lile jingine, kila kitu kilikuwa kama nakitazama kupitia glasi ya chai ya rangi. Nilikaa mwezi mzima nafumba hili nafumbua lile, nikisikitikia miaka niliyoipoteza. Jicho la pili sikungoja kuitwa, nililiomba mwenyewe.

Kijana wa Ifakara
Kwetu wazee wanasema jicho linatolewa nje, linawekwa mezani, linasafishwa, ndipo linarudishwa. Bibi yangu amekataa kwa sababu hiyo hiyo. Kuna ukweli?

Nesi wa Macho
Mdogo wangu, hakuna. Nimefanya kazi wodi ya macho miaka 14, na swali hili naulizwa kila kliniki, kwa hiyo bibi yako asione haya. Jicho halitolewi, linabaki pale pale.

Ndani ya jicho, nyuma ya mboni, kuna lenzi. Ukiwa kijana ni angavu kama maji. Umri, kisukari, kuumia jicho, kutumia muda mrefu dawa za jamii ya steroidi, kuvuta sigara, vyote hivyo huifanya iwe na ukungu. Huo ukungu ndio mtoto wa jicho. Si ngozi iliyoota juu, ndiyo maana huwezi kuusugua wala kuuosha, na matone ya kuuyeyusha hayapo. Anayekuuzia matone hayo anakula fedha yako na muda wako. Daktari anafungua njia ndogo pembeni, anaitoa lenzi iliyochafuka, anaacha kifuko chake, na ndani ya kifuko hicho anaweka lenzi bandia ambayo utaishi nayo siku zote. Mara nyingi hata uzi haushonwi.

Wazee wengi wanawakumbuka watu wa zamani waliofanyiwa, wakavalishwa miwani minene kama kitako cha chupa. Ni kweli, zamani lenzi ilitolewa na haikuwekwa nyingine. Lenzi bandia ya kwanza iliwekwa London mwaka 1949 na daktari Harold Ridley. Aliona marubani wa vita walioingiwa na vipande vya plastiki ya dirisha la ndege machoni, na macho yao yakavivumilia vipande vile. Ilichukua miaka mingi kufika kwetu, lakini sasa ndiyo operesheni ya kawaida, na kabla yake jicho hupimwa ili kujua lenzi ya nguvu gani inamfaa mgonjwa.

Mengine ambayo watu hawaulizi. Usingoje "liive". Likiachwa mno linaweza kuvimba na kuleta presha ya jicho, mtu akaja analia kwa maumivu. Sukari na presha ya damu zishuke kwanza. Na wazee wa kiume wanaotumia dawa ya tezi dume iitwayo tamsulosini, hata kama mliacha zamani, mwambieni daktari. Dawa hiyo hulegeza mboni wakati wa upasuaji, na akijua mapema anajiandaa. Kuhusu fedha, uliza mapema kama bei uliyotajiwa ina lenzi na matone ndani yake. Uliza pia hospitali ya wilaya kama kambi ya macho inakuja karibuni.

Bint Kisauni
Mamangu alifanyiwa Kwale. Kilichomsumbua si kisu, ni swala. Alikuwa akilala macho, awaza vipi atasujudu na kutia udhu. Twamuuliza daktari, akasema asiiname kichwa chini siku za mwanzo, na maji yasiingie jichoni. Sheikh wetu wa mtaani akamwambia mgonjwa ana ruhusa yake, aswali kwenye kiti na asujudu kwa ishara. Aliposikia hivyo akaenda siku ya pili yake. Dada, kama mamako yuaswali, muulize kwanza hilo.

Matone nayo ni kazi kushinda operesheni. Mara nne kwa siku, halafu yapunguzwa, karibu mwezi mzima. Sisi tulifunga na swala: alfajiri, adhuhuri, alasiri, magharibi. Hakukosa hata siku moja. Kuna na kile kikombe cha plastiki cha kufunika jicho usiku, asijisugue usingizini. Jikoni tulimkataza kabisa, moshi wa mkaa si mzuri kwa kidonda. Alinuna! Wiki ya tatu nimemkuta ashakuna nazi.

Mkulima Kyela
Naandika hili kwa uchungu. Baba yangu alianza kuona ukungu, akapelekwa kwa mtaalamu wa mitishamba kijiji cha jirani. Akakamuliwa maji ya majani jichoni asubuhi na jioni. Siku ya tatu jicho likawa jekundu, akawa hawezi kutazama mwanga. Tukaambiwa hiyo ndiyo dawa inafanya kazi, uchafu unatoka. Tukaongeza. Mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nikimshika kichwa akitiwa.

Tulipofika hospitali, kioo cha mbele cha jicho kilikuwa na kidonda, kimeoza. Daktari alisema mtoto wa jicho angemtoa kwa nusu saa, lakini hilo kovu la mbele hana la kulifanya. Jicho la pili lilifanyiwa, baba anaona. Kila akigeuza kichwa kizima ili aangalie upande wa kushoto, mimi nakumbuka mikono yangu. Jamani, si asali, si maziwa ya mama, si mkojo, si majani. Msiweke kitu jichoni mwa mtu.

Mama Mdogo
Mimi niliyemuuguza ni mtoto, si mzazi. Binti yangu alipokuwa na miezi miwili niliona akilala dirishani mboni moja inang'aa nyeupe. Nilimpeleka zahanati, wakaniambia ningoje afike miaka mitano ndipo afanyiwe. Bahati wifi yangu alinikatalia, tukaenda hospitali ya CCBRT Dar es Salaam. Kule niliulizwa kwa nini nimekawia hata hizo wiki chache! Wakanieleza kwamba ubongo wa mtoto unajifunza kuona miezi ile ya mwanzo. Jicho likikaa gizani ubongo unaliacha, na ukifanya operesheni baadaye jicho ni zima lakini halioni. Tena weupe kwenye mboni ya mtoto unaweza kuwa saratani ya jicho, kwa hiyo si wa kungojea hata kidogo.

Alilazwa usingizi kabisa, si ganzi kama watu wazima. Kazi ilianza baada ya hapo: miwani, na kuziba jicho zima saa kadhaa kila siku ili lile dhaifu lifanye kazi. Alikuwa anabandua plasta na kulia, na mimi nalia naibandika tena. Sasa yuko darasa la pili, anasoma ubao akiwa dawati la mbele.

Simba Mzee
Niseme na upande mwingine, isionekane wote wanarudi wanaona. Kaka yangu alifanyiwa, bandeji ikatolewa, hakuona. Familia tukasema wamemharibu. Baadaye hospitali nyingine walitueleza kwamba alikuwa na presha ya macho miaka mingi, glakoma, na mshipa wa kupeleka picha kwenye ubongo ulikuwa umeshakufa. Mtoto wa jicho alitolewa vizuri, ila nyuma hapakuwa na kitu. Kinachoniuma ni kwamba walikomfanyia hakuna aliyetuambia hilo kabla. Binti, mwambie daktari ampime mama presha ya macho na kuangalia nyuma ya jicho, halafu akuambie waziwazi anategemea ataona kiasi gani.

Nesi wa Macho
Mzee Simba, pole sana, na umesema jambo la haki. Naongeza: mgonjwa akisharudi nyumbani, maumivu yakizidi, jicho likawa jekundu zaidi au kuona kukapungua, arudi siku hiyo hiyo. Asingoje tarehe ya kliniki. Maambukizi ndani ya jicho hutokea mara chache, ila yakitokea hayasubiri.

Mwalimu Songea
Langu fupi. Miaka miwili baada ya operesheni ukungu ulirudi, nikadhani mtoto wa jicho ameota tena. Kumbe ni kile kifuko kinachoshika lenzi ndicho kilichofifia. Nilipigwa mwanga wa leza dakika chache nikiwa nimekaa kwenye kiti, bila kuchanwa. Jioni nilisahihisha madaftari.

Binti Pangani
Nimerudi ndugu zangu. Nimesoma yote, mengine nimemsomea mama kwa sauti. La mzee wa Kyela alinyamaza muda mrefu. La Mzee Simba ndilo lililomfungua mdomo. Kumbe mama mkubwa, dada yake, alifanyiwa zamani nikiwa mdogo sana, akarudi kipofu, akaishi miaka tisa akishikwa mkono. Mama ndiye aliyekuwa akimshika. Hakuwahi kuniambia, na mimi miezi yote hii namwambia "mama haiumi," kumbe hakuwa anaogopa kuumia.

Tumekwenda hospitali ya mkoa. Nilimwomba daktari apime presha ya macho mbele yake na amweleze yeye, si mimi. Presha ni nzuri na nyuma ya jicho pako salama, sukari pia ni ya kawaida. Akamwambia, "Bibi, sina sababu ya kufikiri hutaona." Mama akamuuliza mara mbili kuhusu presha, halafu akauliza la sujudu, akajibiwa kama alivyosema Bint Kisauni.

Ni Jumanne ijayo, jicho la kulia. Amekwisha kunipa ungo nirudi nao Tanga niuhifadhi, anasema wajukuu wasije wakauharibu wakati hayupo.