Wahadhiri wenzangu, acheni kuiita DS kozi ya kupandishia GPA (wastani wa alama)

Wakuu, nimetoka kikaoni kifua kimejaa.

Nafundisha DS (Development Studies, yaani masomo ya maendeleo) na stadi za mawasiliano kwenye chuo kimoja hapa Tabora. Mwaka wa kwanza wote wanapita kwangu: uhasibu, sheria, ualimu. Watu zaidi ya 400 ukumbi mmoja, Ijumaa saa tisa alasiri, kipaza sauti kibovu, semina hakuna. Leo mwenzetu kasimama akataka masomo ya jumla yapunguziwe saa kwa kuwa "hayana taaluma ndani yake". Wengine wakaafiki. Ajenda iliyofuata kikao hichohicho: wanafunzi hawajui kuandika ripoti ya fildi, yaani mafunzo kwa vitendo!

Nani awafundishe kuandika, jamani? Insha 400, siku kumi za kusahihisha, mtu mmoja. Unaishia kutunga maswali ya kuchagua a, b, c huku roho inakuuma.

Mwaka jana kijana wetu wa uhasibu alikwenda fildi kwenye AMCOS (chama cha msingi cha ushirika wa wakulima) moja huko Urambo. Hesabu anazijua vizuri sana. Mzee mmoja, mkulima wa tumbaku, akamuuliza: mjukuu wangu, kwa nini bei yangu inatajwa kwa dola, na kwa nini deni la mbolea linakatwa kabla sijashika hata senti? Kijana akabaki kumwonyesha karatasi ya makato. Aliponisimulia alikuwa ameinamisha kichwa. Mimi ndiye niliyestahili kuinama, maana ushirika, soko la nje na mikopo ya pembejeo ni mada yangu kabisa, na niliipitisha kwa dakika ishirini kwa sababu ukumbi ulitakiwa kwa jaribio la kozi nyingine.

Kozi hii haikuokotwa barabarani. Oktoba 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya kujiunga na JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), karibu 400 wakarudishwa makwao. Machi 1967, mwezi mmoja baada ya Azimio la Arusha, watu wakakutana palepale chuoni kujadili msomi wa nchi hii amtumikie nani. Swali hilo ndilo DS. Mzee wa Urambo kaliuliza tena, kwa maneno yake.

Najua wapo walimu wa DS wanaosoma desa (notisi) lilelile miaka kumi. Wabanwe, sitawatetea. Ila tazameni kozi inavyogawiwa: mtu akikosa kipindi kwenye fani yake, anatupiwa DS ajazie mzigo wake wa kazi. Ataipendaje?

Jumatano tunakaa tena. Nataka mambo mawili tu: semina za watu thelathini, na wasaidizi wa kusahihisha insha. Walimu wa DS mlioko Kigoma, Mwanza, Dodoma, kwenu mnafundisha wangapi kwa mkupuo, na insha mnasahihisha nani na nani? Niwekeeni hapa, niende nazo kikaoni.