Je, mtoto aliyezaliwa kwa mbegu ya mtoaji ana haki ya kumjua mtoaji huyo?

MamaLangata
Hamjambo nyote. Mimi na mume wangu tulimpata binti yetu kwa mbegu ya mtoaji katika kliniki moja hapa Nairobi, na hati tuliyotia sahihi ilisema kwamba jina la mtoaji halitatajwa kamwe, si kwetu wala kwa mtoto. Wakati ule niliona afueni. Sasa binti ana miaka saba, na juzi aliniuliza macho yake ameyatoa kwa nani. Nilinyamaza, na ukimya huo unaniuma hadi leo. Je, hati ile itamfunga hata akiwa mtu mzima?

WakiliNgara
Pole, dada. Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtoto haki ya jina na uraia, na kinataka maslahi yake yatangulizwe katika kila jambo linalomhusu, lakini hakimtaji mtoaji wa mbegu. Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1990, unasema katika ibara ya 7 kwamba mtoto ana haki ya kuwajua wazazi wake kadiri inavyowezekana. Mtoaji naye ataegemea kifungu cha 31, kinacholinda faragha. Kwa maoni yangu, hati ile ni mapatano yenu na kliniki. Binti yako hakuwepo, na sioni ni kwa mamlaka gani watu wazima wangemwondolea haki kabla hajazaliwa.

Uswidi iliondoa usiri huo kwa sheria iliyoanza kutumika mwaka 1985. Nchini Uingereza, mtoto wa mtoaji aliyejiandikisha tangu tarehe 1 Aprili 2005 anaweza kupewa jina lake akitimiza miaka 18, na bado mtoaji huyo hahesabiwi kuwa mzazi kisheria: hadaiwi matunzo. Jimbo la Victoria, Australia, lilikwenda mbali zaidi mwaka 2017, likafungua hata kumbukumbu za watoaji walioahidiwa usiri. Hilo la mwisho linanipa taabu, maana ahadi ni ahadi; hata hivyo, nikilazimika kuchagua, nitasimama na mtoto.

MuuguziMstaafu
Mama, sheria yoyote itakayokuja haitaweza kufungua faili lililokwisha kutupwa. Iandikie kliniki wiki hii, uombe kumbukumbu zote zihifadhiwe, na uulize maradhi ya ukoo wa mtoaji, ambayo unaweza kuelezwa bila jina lake kutajwa. Usingoje afike miaka 18 ndipo umwambie alivyozaliwa. Nimewaona waliojua ukubwani, na kilichowaumiza zaidi ni kufichwa.

MamaLangata
Ahsanteni sana. Binti ana jina la mama mkwe wangu, kama desturi yetu ilivyo, na mume wangu anahofu kwamba ukweli utalitikisa jina hilo. Barua ya kliniki nitaiandika kesho. Kumwambia mtoto, nimemwomba mume wangu tumwambie pamoja, na amekubali tuzungumze Jumapili.