Naomba ushauri: mama ana miaka 71, nahofia nyonga yake

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Niko Masasi, naishi na mama yangu. Mwaka jana aliteleza usiku akienda chooni, akavunjika kifundo cha mkono. Mkono umepona, ila daktari alisema mfupa ukivunjika kwa kuanguka kidogo namna ile, nyonga nayo ni ya kuchungwa. Nikihesabu naogopa: ni mwembamba sana, hedhi ilikatika akiwa na miaka 42, anameza prednisoloni za pumu mwaka wa nne sasa, na jicho moja lina mtoto wa jicho. Halafu bibi, mama yake, alivunjika nyonga, hakusimama tena.

Nimefunga taa ya sola njia ya chooni, nimemnunulia na viatu visivyoteleza. Fimbo kaikataa, eti ya wazee! Na korosho bado anaokota mwenyewe.

Mliouguza wazazi: kipimo cha uzito wa mifupa kinapatikana huku Kusini, au ni mpaka Dar? Na hizo prednisoloni, najua haziachwi ghafla; aliyebadilishiwa dawa alimwelezaje daktari?