Tupeane uzoefu: Kufikisha gari la spoti kwa fundi wakati wa masika

Ndugu zangu wa Mombasa, mwezi wa Mei mvua ndiyo imekolea. Sisi wenye magari ya chini tunaijua taabu yake: gari linaumwa, fundi yuko ng'ambo, na katikati ni maji matupu. Nyinyi hufanyaje? Naanza mimi.

Nakaa Likoni, fundi wangu yuko Changamwe, gari ni Subaru Impreza WRX iliyoshushwa. Rediata ikivuja, kuzunguka kwa barabara ya Dongo Kundu ni kuipika injini, kwa hiyo navuka na feri. Kinachonitia wasiwasi hapo ni mteremko, foleni naivumilia. Maji yakipwa, hasa siku za bamvua (maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida), mlango wa feri huinama sana na bampa hulamba chini. Basi kabla sijampigia fundi, nauliza maji. Yakijaa, mlango hulala karibu sawa na ardhi, napita bila mkwaruzo. Na kila siku maji hujaa kwa kuchelewa kama dakika 50, kwa hiyo saa ya jana usiitegemee leo.

Wa Bamburi: Kaka, mimi naogopa madimbwi kuliko feri. Gari likishafungwa mdomo wa hewa nyuma ya bampa ili livute hewa baridi, masika linavuta maji. Na maji hayashindiliki kama hewa: yakiingia kwenye silinda, pistoni ikipanda inakwama na konrodi, ule mkono unaoisukuma pistoni, inapinda. Langu lilizimika Bombolulu, maji yakiwa juu ya rimu. Sikugusa ufunguo tena. Vijana wakalisukuma hadi pakavu, fundi akaja na spana zake, akafungua plagi zote, akaizungusha injini hivyo hivyo. Maji yakaruka kwenye matundu. Oili ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, tukaimwaga yote. Injini ni ile ile mpaka leo, alhamdulillahi.

Mzaliwa wa Majengo, sasa Leeds: Huku Uingereza adui ni theluji. Matairi ya kiangazi hukakamaa baridi ikishuka chini ya nyuzi 7, na Mazda MX-5 yangu inasukumwa na magurudumu ya nyuma, kwa hiyo kitako kinateleza hata kwa mwendo wa polepole. Mimi hungoja barabara zimwagiwe chumvi, nikaenda mchana. Nikifika namwomba fundi anioshee gari chini, maana chumvi ile hula chuma.

Wa Kisauni: Wenye Subaru, nawaombeni sana, msikubali kuvutwa magurudumu mawili yakiwa juu na mawili chini. Magurudumu yote manne yameungana, difu ya kati, ile inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, itaungua njiani. Iteni lori linalobeba gari zima. Na mwambieni dereva mapema kwamba gari ni la chini, aje na mbao ndefu za kutanguliza chini ya matairi ya mbele, la sivyo bampa itabaki pale pale kwenye ngazi ya lori. Ile pete ya chuma ya kuvutia gari iko pamoja na jeki. Ifungeni wenyewe kabla hajafika, asije akapitisha mnyororo kwenye sasipensheni.

Wa Likoni: Shukrani, ndugu yangu. Je, mbao za upana gani zinatosha kwa tairi la inchi 18?