Gogo lililong'aa gizani karibu na Hombo: ni nani mwingine ameliona jambo hili?

Msafiri wa Ibanda

Wazee wangu, mama zangu na ndugu zangu, nawasalimu kutoka Bukavu, mashariki mwa Kongo. Nina jambo ambalo nimelibeba kwa miaka kadhaa, na kila ninapolisimulia nyumbani huishia katika mabishano. Naomba wanaolijua pori la upande wa Walikale wanisaidie kulielewa.

Wakati ule barabara ilikuwa bado inapitika. Nilisafiri na baba mdogo katika lori lililokuwa likienda Walikale kuchukua mafuta ya mawese. Tulipita Miti, tukaingia katika mbuga ya Kahuzi-Biega pale Tshivanga penye baridi na mianzi, kisha tukaanza kushuka taratibu kupitia Bunyakiri, hadi tulipofika karibu na Hombo, ambako hewa ni nzito na jasho halikauki mwilini. Hapo lori lilizama katika matope jioni, likakataa kutoka. Dereva alizima taa zote ili asimalize betri, nasi tukajiandaa kulala. Mwezi haukuwapo, na miti ilikuwa imefunga anga kabisa.

Baada ya muda mrefu katika giza lile nilisogea hatua kama thelathini kando ya barabara, na hapo ndipo nilipoliona. Gogo lililoanguka lilikuwa likitoa mwanga hafifu wa kijani kilichopauka kwenye nyufa za gome lake, na majani yaliyooza kulizunguka yalikuwa na mabaka ya mwanga uleule, kana kwamba mtu alikuwa amenyunyiza unga wa mbalamwezi. Mwanga haukuwaka na kuzima kama wa vimulimuli, bali ulitulia mahali pamoja. Niliugusa kwa kijiti, kisha kwa kidole: hapakuwa na joto wala moshi. Nilipowasha tochi ya simu niliona mti uliooza tu, uliolowa maji, kama ile tunayoiona kila siku. Nilipoizima na kusubiri, mwanga ulirudi.

Baba mdogo alikataa kusogea, akaniambia nisichukue kitu ambacho si changu. Hata hivyo nilibandua kipande kidogo na kukitia mfukoni. Siku mbili baadaye nilikitazama usiku mbele ya dada yangu mkubwa, nacho kilikuwa kimekauka na hakikutoa mwanga wowote. Tangu siku ile dada anaamini kwamba niliingiliwa na kitu porini, na ameniombea mara nyingi kwa machozi. Ninamheshimu sana, ndiyo maana ninataka kumpa jibu la kweli.

Tena usiku uleule tulisikia sauti za ajabu kutoka porini, ambazo hakuna hata mmoja kati yetu aliyeweza kuzitaja jina. Zilimtisha hata dereva, ambaye amepita njia ile tangu ujana wake. Mwenye kujua anieleze.

Mama wa Bunyakiri

Mwanangu, hukuota. Mimi nilizaliwa huko unakokutaja, na kuni za namna hiyo nilizichezea nikiwa mtoto. Msimu wa mvua nyingi, tulipokuwa tukirudi shambani tumechelewa, kaka yangu mkubwa aliokota vipande vyake na kuvibandika mgongoni mwa kila mtoto, katika mafundo ya kitenge, ili yule anayetembea nyuma amwone wa mbele. Tulifika nyumbani tukiwa mstari wa nukta za kijani, na mama alikuwa akitucheka kutoka mlangoni.

Kuhusu kipande chako kukauka, ndivyo kilivyo. Sisi tulivifunga katika jani bichi la mgomba lenye maji, navyo viling'aa hadi usiku wa pili, wakati mwingine hata wa tatu. Mfukoni mwa suruali, karibu na joto la mwili, kisingeweza kudumu. Mwambie dada yako, kwa upole, kwamba hakuna aliyekudhuru. Naye usimlaumu kwa kuogopa, kwa sababu mtu aliyekulia penye taa za umeme hajawahi kukutana na giza la kutosha kuliona jambo hili.

Mwalimu wa Biolojia, Kadutu

Ndugu Msafiri, umeeleza vizuri kiasi kwamba karibu hakuna la kubahatisha kuhusu mwanga huo. Ulichokiona ni kuvu. Tunapotaja uyoga tunafikiria mwavuli unaochomoza juu ya ardhi, lakini sehemu kubwa ya kuvu ni nyuzi nyembamba sana zinazojipenyeza ndani ya mti uliokufa na kuuozesha. Katika aina kadhaa, ambazo wataalamu wamezihesabu kuwa zaidi ya mia moja duniani, nyuzi hizo au uyoga wenyewe hutoa mwanga.

Ndani ya chembe za kuvu hiyo kuna kemikali inayoitwa lusiferini, ambayo huungana na oksijeni ya hewani kwa msaada wa kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha kazi za kemikali mwilini, na nguvu inayotokana na muungano huo hutoka kama mwanga badala ya joto. Ndiyo maana kidole chako hakikuhisi kitu. Ndiyo maana pia mwanga ulikuwa kwenye nyufa, mahali ambapo hewa inazifikia nyuzi, na ndiyo maana kipande kilipokauka kilizimika, kwa kuwa kazi hiyo inafanywa na kiumbe kilicho hai na chenye unyevu. Vimulimuli nao hutumia njia inayofanana na hii, ila wao wanaweza kuwasha na kuzima kwa sababu wanauamrisha mwili wao ili waitane. Kuvu haimwiti mwenzake.

Swali linalobaki ni kwa nini kuvu itumie nguvu zake kutoa mwanga. Maelezo yanayotajwa mara nyingi ni kwamba mwanga huwavuta wadudu usiku, nao husambaza spora zake, yaani chembe ndogo za uzazi, katika pori ambalo chini yake upepo hauvumi. Mwaka 2015 watafiti waliochunguza kuvu moja ya Brazili walionyesha kwamba mwanga wake huongezeka usiku na kupungua mchana kwa kufuata saa ya ndani ya kiumbe hicho, na kwamba uyoga wa bandia waliouwekea taa ya kijani uliwanasa wadudu wengi zaidi kuliko ule usio na taa. Hiyo ni kuvu ya Brazili, nami sitaki kudai kwamba ile ya Hombo inafanya vilevile kwa kila hali, lakini maelezo hayo yananiridhisha kuliko mengine niliyoyasoma.

Jambo moja zaidi. Jicho la binadamu huhitaji kama nusu saa gizani kabla ya kufikia uwezo wake kamili. Wewe uliona kwa sababu dereva alizima taa mapema na mwezi haukuwapo. Watu wangapi wamelipita gogo hilohilo wakiwa na tochi mkononi?

Dereva wa Njia ya Walikale

Mwalimu amemaliza habari ya mwanga, mimi nizungumzie sauti. Bila shaka ni pimbi wa mitini, ambaye wengine humwita perere. Ni mnyama mdogo, mkubwa kidogo kuliko sungura, hana mkia wa kuonekana, na mchana hulala katika tundu la mti. Usiku hulia kwa sauti inayoanza kama mlango unaokwaruza, inapanda hatua kwa hatua, mwishowe inakuwa mayowe kamili ya mtu anayeuawa. Mara ya kwanza nilipomsikia niliwaamsha wenzangu tuchukue mapanga twende kuokoa mtu. Wanasayansi wanasema ndugu zake wa karibu katika ukoo wa wanyama ni tembo na nguva, na ukilitazama umbo lake huwezi kuamini.

Msafiri wa Ibanda

Mama, nimesoma maneno yako kwa sauti mbele ya dada yangu. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza kama wale watoto walikua na kuwa watu wazima salama. Nilimjibu kwamba mmoja wao ndiye aliyeyaandika. Mwalimu, ninakushukuru kwa moyo wote.

Kaka Dereva, naona nilieleza sauti kwa haraka mno. Zilikuwa mbili. Moja tuliisikia karibu na alfajiri, juu ya mti upande wa mlima, nayo ni hiyo uliyoieleza: ilipanda, ikapiga mayowe, ikakatika. Lakini ile nyingine ilianza mapema jioni, ikatulia katikati ya usiku, ikarudi kabla ya mapambazuko. Haikutoka mahali pamoja. Ilitoka upande wa mto, kwa mstari, kana kwamba kando ya maji walikuwa wamepangwa watu wengi, kila mmoja akipiga honi nzito au akigonga pipa, bila kupumzika, zaidi ya pigo moja kila sekunde. Tulidhani ni vyura, lakini sauti zilitoka juu, katika matawi.

Mzee wa Bagira, aliyewahi kuwaongoza watafiti porini

Sasa umesema, kijana wangu. Kwa maelezo ya kwanza hata mimi ningejibu perere. Neno lililobadilisha jibu ni «kwa mstari».

Hao ni popo. Katika misitu ya bonde la Kongo yuko popo mkubwa kuliko wote wa bara la Afrika, ambaye mabawa ya dume yakikunjuliwa hukaribia upana wa mita moja. Kichwa cha dume ni kirefu, kipana, chenye midomo minene iliyokunjamana, kinachofanana na nyundo au na kichwa cha farasi, ndiyo maana wanaomchunguza humwita popo wa kichwa cha nyundo. Jike hana umbo hilo, naye ana sura ya popo wa kawaida wa matunda. Kisanduku cha sauti cha dume kimekua hata kikajaza zaidi ya nusu ya kifua chake, na hakuna kazi nyingine ya maana ambayo kimeumbiwa isipokuwa kulia.

Katika majira fulani ya mwaka madume hukusanyika kando ya mito, kila mmoja akaning'inia katika tawi lake kwa umbali wa mita kadhaa kutoka kwa jirani, akipiga honi hiyo na kupepea mabawa. Majike hupita mbele ya mstari wote wakisikiliza. Jike akivutiwa husimama hewani mbele ya dume, naye dume huongeza kasi ya mapigo. Hurudi tena na tena kabla ya kuchagua, na mwishowe madume wachache sana hupata sehemu kubwa ya majike, huku wengine wakilia usiku kucha bure. Mimi nimewatazama kwa taa nyekundu nikiwa nimekaa juu ya jiwe katikati ya mto, na hadi leo, uzeeni, sijaona porini jambo lililonishika moyo kama lile, hata gorila dume wa Kahuzi-Biega aliponikimbilia hadi karibu na kusimama ghafla.

Nina ombi kwako na kwa vijana wote wanaopita njia hizo: mnapoona kitu msichokijua, kishikeni kwa maelezo yake yote, mahali, saa, upande, rangi, hata kama nyumbani watawacheka. Mwaka 1913, Mmarekani James Chapin aliona katika kofia ya mtu wa Ituri unyoya mmoja ambao hakuweza kujua ni wa ndege gani. Aliuhifadhi miaka 23. Mwaka 1936, katika makumbusho ya Tervuren huko Ubelgiji, aliwakuta ndege wawili waliokaushwa waliokuwa wamewekewa kibandiko kisicho sahihi, akatambua kwamba unyoya wake ulikuwa wa ndege wa aina hiyo. Ndivyo sayansi ilivyompata tausi wa Kongo, ambaye anaishi pia katika sehemu ya chini ya mbuga yetu. Aliyekuwa amevaa kofia ile, bila shaka, alikuwa akimjua tangu utoto wake.

Mama wa Bunyakiri

Mzee, umenirudisha mbali. Sisi watoto tulizisikia honi hizo mtoni tukalala, hatukuuliza hata siku moja. Naongeza kwa vijana: popo hao wasishikwe kwa mikono wala kuliwa, na matunda waliyoyauma yasiokotwe, kwa sababu popo wa matunda wanashukiwa kubeba virusi vya Ebola, na nchi yetu imezika watu wengi kwa ugonjwa huo.

Msafiri wa Ibanda

Nimesoma kila jibu mara mbili. Baba mdogo, aliyekataa kusogea usiku ule, ameniomba nimpigie simu tena baada ya chakula cha jioni nimsomee ile sehemu ya majike wanaopita mbele ya mstari. Dada yangu naye ameuliza kama katika bonde lililo nyuma ya shamba la mjomba, Kabare, kunaweza kupatikana gogo la namna hiyo. Mwalimu, kule ni juu zaidi na kuna baridi. Je, inafaa tujaribu?

Mwalimu wa Biolojia, Kadutu

Baridi peke yake si kizuizi, kwa sababu kuvu zinazong'aa zipo hata Ulaya. Kinachohitajika ni mti mkubwa uliooza na kulowa, jambo ambalo Kabare limekuwa adimu tangu misitu ikatwe kwa ajili ya makaa na mashamba. Tafuteni kijitoni, chini ya miti iliyoachwa, wiki mbili au tatu baada ya mvua kuanza, usiku usio na mwezi. Bandueni gome kwa uangalifu, kisha mlirudishie. Simu zibaki nyumbani, au zizimwe kabisa, na mkae nusu saa bila kuwasha chochote. Nendeni watu watatu au wanne, mwenye shamba awe na habari, na mvae viatu virefu kwa sababu ya siafu.

Msafiri wa Ibanda

Dada amekubali. Amesema kwamba yeye ndiye atakayebandua gome.